Mezure Tupu za Baba

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Marehemu Mama alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa miguu ilitangulia, na tangu siku ile haijasimama. Mwaka ambao barabara ya Beni ilifungwa, miguu hiyo ilikosa pa kwenda. Nilikuwa nikipiga mashine katika secrétariat public moja katikati ya Butembo: chumba chembamba chenye kompyuta moja, mashine ya kufotokopi, na groupe, jenereta yetu, iliyokuwa ikikohoa uani kila walipotuuzia mafuta yaliyotiwa maji. Asubuhi nilishuka kutoka Bulengera kwa miguu, jioni nikapanda. Katikati ya safari hizo mbili nilikaa kitini, na kukaa ndiko kulikonichosha.

Mama alifia Beni. Alikuwa amekwenda kwa mdogo wangu, anayekaa katika komini ya Ruwenzori, ili amsaidie baada ya kujifungua. Alisema atarudi mtoto akianza kucheka. Kisha vita vikahamia barabarani, waasi hawa na waasi wale, na wanajeshi wa nchi ya jirani katikati yao, hata lori la chumvi likawa halipiti bila kusindikizwa. Homa ikamkamata Mama hukohuko, akazikwa hukohuko. Baba, aliyekuwa mume wake tangu ujana wao, alipata habari wakati udongo umeshafukiwa. Nasema haya kwa ufupi kwa sababu hata leo nikiyarefusha nitaanza kuzunguka chumbani.

Kwetu kilio hakiishi chenyewe. Siku inapangwa, misa inasomwa, watu wanakula, na mwenye kufiwa anasimama mbele ya wote na kusema kwa mdomo wake kwamba kilio amekiweka chini. Mpaka aseme, bado amekibeba. Ndugu anaweza kusema kwa niaba yake, na nyakati za vita wengi walifanya hivyo. Wakwe wa mdogo wangu walikuwa wamepanga siku kule Beni, wakaiahirisha kwa sababu ya barabara, wakaiahirisha tena, na sasa parokia ya kule ilisema imetosha. Walituma habari kwamba shemeji yangu atasimama mahali pa Baba.

“Bibi alikuwa wangu,” Baba alisema. “Na mudomo utakuwa wangu.”

Baba alikuwa mwalimu mstaafu na kiongozi wa kwaya ya parokia yetu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, aliona mwanga na vivuli tu, na magoti yake yasingeweza njia za porini ambazo vijana walikuwa wakizipita ili kukwepa vizuizi. Kwenda Beni hakungewezekana. Kwa hiyo alikuwa ametunga wimbo, na ndani ya wimbo alikuwa ametunga hila. Kwaya ya Beni ingeimba kwanza sehemu ya watoto, wanaomuaga mama yao. Kisha ingenyamaza. Ndani ya kimya hicho Baba, akiwa amesimama uani kwetu Bulengera, wakati uleule, angeimba ubeti wa mume na kukiweka kilio chini. Akimaliza, kule Beni wangeendelea hadi mwisho. Wasingemsikia, naye asingewasikia. Wangemwachia nafasi tu, naye angeijaza. Hakutaka kitu kingine duniani, na aliniambia mimi ndiye nitakayekitengeneza.

Nilikasirika. Nilimwambia hayo ni mambo ya watoto, kwamba tungemrekodi kwenye kaseti tukaituma, watu wakasikia sauti yake masikioni mwao, tukamaliza.

“Kaseti inaweza kuimba ata kama nimeshakufa,” alinijibu. “Miye niko muzima.”

Phonie nazo, zile redio za kuitana kutoka mji hadi mji, zilikuwa zimefungwa, na chache zilizobaki zilikuwa mikononi mwa wanajeshi ambao hawakuzitumia kwa nyimbo. Basi ikabaki karatasi. Na karatasi ya kuandikwa kwa mkono Baba hakuitaka, kwa sababu alizijua kwaya zetu. Nyimbo zake zote zilikuwa zimesafiri kwa mkono, na kila aliyenakili alitia chumvi yake. Wimbo mmoja uliondoka Butembo ukiwa na sauti nne, ukaturudia kutoka Mbau ukiwa na sauti mbili na ngoma. Zaidi ya hayo, kwaya zetu haziwezi kuona pengo. Ukiwaachia kimya kidogo tu, mama mmoja atapiga vigelegele, mwingine ataingiza Aleluya, na mpiga ngoma ndiye usiseme. Mwandishi akiona mistari mitupu atadhani noti zimesahauliwa, atatunga za kwake kwa moyo mweupe kabisa. Baba alitaka karatasi iliyochapwa, ambayo mtu angeiogopa kidogo.

Tena kompyuta ilikuwa na jambo moja ambalo kalamu haina: ilikuwa ikiimba. Tajiri wangu alikuwa ameagiza ile mashine Dubai kupitia mfanyabiashara mmoja wa mjini, na ilikuja na programu ya kuandika noti, nakala ya nakala ya nakala, kwa Kifaransa. Ukibonyeza kitufe cha msaada, dirisha linafunguka halina neno hata moja. Lakini ukiandika noti, ilizipiga kwa sauti ya kinanda chenye mafua, na Baba asiyeona aliweza kuikagua karatasi yake kwa masikio. Tajiri alikubali niitumie mchana, wateja wakiwa wachache.

“Mais Mama,” aliniambia, “hii mashini ni ya kazi, haiko ya kwaya. Ikiharibika, nitakuuliza weye.”

Basi Baba alishuka nami kutoka Bulengera, mkono wake begani mwangu, akakaa kwenye benchi la wateja na kuniimbia. Soprano kwanza, kwa sauti nyembamba iliyowachekesha wapita njia, kisha alto, tenor, besi. Mimi nilibonyeza. Noti moja, bonyeza, noti nyingine, bonyeza. Katika programu ile muziki unakaa ndani ya vyumba vidogo vilivyotengwa kwa vistari vya wima, sisi tunaviita mezure. Tulipofika kwenye ubeti wake niliacha mezure tupu kadiri ya urefu wa pumzi zake, kisha nikaendelea na sehemu ya mwisho. Nilihifadhi kazi kwenye disketi, nikaifunga, nikajiona fundi.

Kesho yake nilimfungulia asikilize. Kinanda chenye mafua kiliimba sehemu ya watoto mpaka mwisho, na bila hata kuvuta pumzi kikaingia sehemu ya kumalizia.

“Imeniruka,” Baba alisema.

Niliangalia kioo cha kompyuta. Mezure tupu hazikuwapo. Noti ya mwisho ya watoto ilikuwa imekaa bega kwa bega na noti ya kwanza ya sehemu ya kumalizia, kana kwamba katikati yao hapakuwahi kuwa na mtu. Niliziweka upya, nikahifadhi, nikafungua.

“Imeniruka tena.”

Hapo ndipo nilipoanza vita vyangu, na sina haja ya kujisifu, nilipigana vibaya. Kwanza nilishtaki groupe. Umeme wake ulikuwa wa kutetemeka, nikasema unakula kazi kabla haijashika. Nilimwomba tajiri aniwashie mafuta yakiwa mapya, nikafanya kazi upesi, roho juu, nikahifadhi mara tu nilipomaliza. Mezure zikatoweka kama kawaida. Nikashtaki disketi, nikanunua nyingine. Nikashtaki vumbi, nikafuta mashine yote kwa kipande cha kitenge, nyuma na mbele, mpaka tajiri akaniuliza kama naiosha ili izikwe.

Nikasema basi, kama haitaki utupu, nitaujaza kwa alama za kunyamaza, zile ambazo wanamuziki huandika kusema hapa usiimbe. Nilizipanga moja moja. Programu ilizihesabu kuwa utupu uleule, ikazimeza. Nikaweka ngoma, pigo moja katika kila mezure, na mezure zikabaki! Nilipiga kofi kwa furaha. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Ukibapatia ngoma moja, batapiga kumi,” alisema. “Na miye sitaki ngoma juu ya mudomo wangu.”

Nikatoa ngoma. Zikatoweka.

Siku ilikuwa ikikaribia, na kila asubuhi kulikuwa na uvumi mpya: barabara inafunguliwa, barabara haifunguliwi, watu wamekimbia kijiji fulani, hapana, wamerudi. Milio ilisikika upande wa mbali wa vilima, wakati mwingine ya bunduki, wakati mwingine ya radi, na wateja walisimama mlangoni wakibishana ni ipi. Mimi niligongagonga meza kwa kalamu. Nilikwenda dirishani nikarudi. Niliitukana ile kompyuta kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa Kinande, na ya Kinande ndiyo yaliyonituliza kidogo. Baba alikuwa amekaa benchini, mikono juu ya fimbo, anacheka chinichini.

“Weye na ile mashini munafanana,” aliniambia. “Nyiye bote hamupendi kungoja.”

Ilinichoma kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeshafikiri moyoni, zaidi ya mara moja, kuitoa karatasi bila kimya na kutomwambia. Asingeiona. Lakini angeisikia, hata kutoka Bulengera nadhani angeisikia.

Aliyenisaidia ni mtu ambaye hakujua kwamba amenisaidia. Mchana mmoja nilikuwa nimetoka tu kuziweka upya zile mezure wakati mwanajeshi alipoingia na karatasi yake ya kupigwa chapa.

“Mama, tika wana, sala oyo ya ngai liboso,” alisema kwa Kilingala, niache yale nifanye ya kwake kwanza, na bunduki yake ilikaa juu ya fotokopi ikisema vilevile.

Niliuacha wimbo wazi kama ulivyokuwa, bila kuuhifadhi, nikaandika ya kwake katika dirisha jingine. Alipoondoka, bila kulipa bila shaka, kwa kutaka tu kusikia kitu kizuri niliupiga wimbo. Watoto waliimba. Kisha kinanda kikanyamaza, kikanyamaza sana, na kutoka benchini Baba akaanza kuimba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu salamu:

“Kilio chako nilikibeba, leo nakiweka chini.”

Ubeti mzima aliuimba, na alipoumaliza kinanda kikaingia sehemu ya mwisho. Kisha nikahifadhi, nikapiga tena, na ikamruka.

Basi ugonjwa haukuwa kwenye groupe wala kwenye disketi wala kwenye vumbi. Ulikuwa kwenye kuhifadhi. Nilianza kufungua vidirisha vyote vya programu ile, kimoja baada ya kingine, mpaka nikakuta kisanduku kidogo kimetiwa alama, na mbele yake maneno: supprimer les mesures vides. Futa mezure tupu. Kumbe kuna mtu mahali fulani aliyeona kwamba mahali pasipo na noti ni upotevu wa karatasi, akaifundisha mashine ifagie. Niliondoa alama nikiwa nimeshika pumzi. Nilihifadhi, na papo hapo alama ikarudi yenyewe, mezure zikafagiwa tena. Nakala yetu ya wizi haikuweza kukumbuka neno lolote uliloiambia. Kila ulipohifadhi ilianza maisha upya. Wala nisingeweza kuuchapa wimbo bila kuhifadhi, maana printa yetu ilikuwa imekufa siku nyingi, na printa nzima ilikuwa ofisini parokiani, kwenye kompyuta nyingine yenye nakala ileile. Disketi ilikuwa lazima isafiri.

Siku hiyo nilirudi Bulengera nikitembea haraka mno, Baba akining'inia begani, mpaka aliponisimamisha njiani na kuniomba nikumbuke umri wake.

Nilikaa nalo kichwani juma zima. Mashine inafuta mahali patupu. Basi pasiwe patupu. Lakini nikiweka noti, kule Beni wataziimba, na ubeti wa mume utaimbwa na soprano. Noti ziwepo na zisionekane. Nilipata wazo nikiwa nafua. Shuka jeupe lilikuwa juu ya ukuta uliopakwa chokaa, na kutoka mbali sikuliona kabisa. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikashuka mjini na povu mikononi.

Niliandika ubeti wote wa Baba katika mstari wake, noti kwa noti kama anavyouimba, na maneno yake chini. Nikauondolea mstari huo sauti, ukawa bubu. Kisha nikazipaka noti zile rangi nyeupe. Zilitoweka kiooni moja moja, na maneno yakabaki yakiwa yamening'inia chini ya mistari bila kitu juu yake. Nikahifadhi. Nikaenda mlangoni, nikarudi, sikutaka kufungua. Baba akauliza nangojea nini sasa, mimi nisiyengojaga. Nikafungua, nikapiga. Watoto waliimba, kinanda kikanyamaza, Baba akaimba.

Lakini alichelewa. Alipofika kwenye neno la kuweka chini alipunguza mwendo kila mara, na kinanda kikamkatiza. Nilimwambia aharakishe. Alisema kitu kizito hakitupwi, kinashushwa. Tulibishana. Mwishowe nilizivuta noti zangu nyeupe, hapa nikarefusha, pale nikaongeza pumzi, mpaka kimya cha mashine kikamtosha kama koti lake mwenyewe.

Parokiani karatasi zilipotoka kwenye printa niliziangalia nikaogopa. Rangi nyeupe haiko karatasini. Pale noti ilipokaa juu ya mstari, printa haikuchapa kitu, na mstari ukatoboka. Katika mezure za Baba kulikuwa na matundu madogo, yanapanda na kushuka. Mtu mwenye jicho kali angeweza kuyafuata matundu yale na kuupata wimbo. Nilimweleza Baba, nikisubiri aseme turudie. Alitaka kuyagusa, lakini karatasi ilikuwa laini kote.

“Acha,” alisema. “Bakiyaona, batajua kama kuko mutu.”

Juu ya mezure zile nikaandika kwa mkono, herufi kubwa, nikimtaja Baba kama tunavyomwita nyumbani: KIMYA. HAPA PAPA ANAIMBA BUTEMBO. Mama mmoja wa kwaya yetu, muuzaji wa vitenge ambaye alikuwa amepata nafasi kwenye lori la kusindikizwa, alizikunja karatasi katikati ya bidhaa zake. Nilimweleza mara nyingi mpaka akachoka.

“Donc niende nibaambie banyamaze?” aliniuliza. “Kwaya ya kunyamaza, ile ni kwaya ya namna gani?”

“Ni ya Papa,” nilisema.

“Bon.” Akapanda lori. Hatukupata habari yoyote baada ya hapo, na barabara ikafungwa nyuma yake.

Siku yenyewe Baba aliamka kabla yangu. Alivaa koti la harusi yake, akaomba nimchane nywele. Misa ya Beni ilikuwa ianze saa nne, na wimbo ungekuja mwishoni, baada ya komunyo. Nilikuwa nimekopa saa ya jirani, kisha nikaingiwa na wasiwasi kwamba ni saa ya Kampala, maana wafanyabiashara wetu wengi waliishika hiyo, inayotangulia yetu. Nilikimbia kwa jirani mwingine kulinganisha. Nilirudi nikihema. Baba alikuwa amesimama uani, ameelekea upande wa Beni, ambao aliujua kwa jua usoni.

Tulipokadiria kwamba komunyo imekwisha, nilipiga mguu chini kuhesabu, nikaimba sehemu ya watoto kwa alto yangu peke yake, na ilipofika zamu yake aliimba. Aliimba vizuri. Sauti haikutetemeka mpaka kwenye neno lile la kushusha, na hata hapo ilitetemeka kidogo tu. Nilimalizia sehemu ya mwisho. Majirani wawili waliokuwa langoni walivua kofia zao.

Ningenyamaza hapo mambo yangekwisha. Lakini mdomo wangu na miguu yangu ni ndugu.

“Wasingya, Papa,” nilimshukuru kwa Kinande, nikamshika mkono. “Lakini misa gani ya kwetu ilishaanza na saa yake?”

Niliyajutia kabla hayajafika chini. Lakini yalikuwa ya kweli, na wote wawili tulijua. Padri huchelewa. Wakwe huchelewa. Mwaka ule hata jua lilikuwa likisimamishwa kwenye vizuizi. Nilikuwa nimehangaika wiki hizo zote na kisanduku kimoja cha mashine, nikasahau kwamba kule Beni kuna watu, si mashine. Baba alisimama, uso kwenye jua, akifikiri.

“Anza tena,” alisema.

Tulianza tena. Tulipomaliza alisema anza tena. Nilielewa polepole alichokuwa akifanya, na nilipoelewa sikumuuliza. Hatukujua ni lini kwaya ya Beni itanyamaza, basi angeimba mpaka isiwezekane wanyamaze bila yeye. Niliimba watoto, aliimba mume, niliimba mwisho, tukavuta pumzi, tukaanza. Majirani walikuja, wakasikiliza, wakatazamana. Mmoja alinivuta pembeni kuniuliza kama mzee yuko sawa. Nikamwambia ana kazi. Dada wa jirani aliniletea bugali na sombe, vikapoa juu ya kinu. Mvua ilipita, tukasimama chini ya bati, tukaimba kwa nguvu zaidi kwa sababu ya kelele yake. Mimi ambaye sikuweza kukaa kitini nusu saa nilisimama mahali pamoja mchana kutwa, na sikuikumbuka miguu yangu hata mara moja.

Alasiri sauti yake ilianza kupasuka. Noti za juu zikawa pumzi tupu, kisha za katikati nazo. Nilimwomba apumzike. Alitikisa kichwa, maana angepumzika na wao wakanyamaza wakati huohuo. Jua lilipoingia nyuma ya vilima alikuwa ananong'ona maneno tu, na mimi nilikuwa natikisa kidole hewani kumwekea mwendo. Hapo ndipo alipokubali kukaa. Kwa majuma kadhaa baadaye alizungumza kama mlango unaokwaruza.

Barabara ilipofunguka kidogo, mdogo wangu alikuja na mtoto mgongoni. Baba alimkumbatia, akampokea mtoto, akampapasa uso kwa vidole, akaenda naye uani. Sisi wawili tulibaki jikoni tukimenya viazi. Alinisimulia kila kitu: watu waliokuja, chakula, nani alilia. Alisema kiongozi wa kwaya yao aliyafuata matundu ya karatasi kwa kidole, akiwa ameinua mkono mwingine, na kanisa zima halikukohoa. Mpiga ngoma alikuwa amekalia mikono yake. Kisha mdogo wangu akaweka kisu chini.

“Yaya,” aliniambia, kama alivyozoea kuniita mimi dada yake mkubwa, “kuko kitu sikumuambia Papa. Misa haikuanza saa ine. Padri alizuiliwa ku barrière, kisha mvua. Wakati tulifika ku ule wimbo, saa munane ilikuwa imeshapita.” Machozi yalikuwa yameanza kumtoka. “Donc alikuwa ameshamaliza zamani. Bote balikuwa banasikiliza, na miye nilikuwa nasimama pale, nilijua hakuna mutu anaimba.”

“Hapana,” nilimwambia. “Alikuwa anaimba.”

Alinitazama. “Nani aliwaambia kama tulichelewa?”

“Hakuna mutu. Aliimba siku muzima.”